Gauni la Mwisho

Mwanamke aliyekuja kutusafishia na kutupangia nyumba alikuwa ndiyo kwanza ameanza biashara hiyo, na sisi tulikuwa wateja wake wa kwanza. Alizoea kusemezana na vitu: "Wewe kaa huku. Na wewe, mwenzako yuko wapi?" Akishakunja shuka, huipapasa kama anayembembeleza mtoto. Baba alimwagiza atoe nguo zote za marehemu mama kabatini, zigawiwe. Alipofikia gauni la mwisho, Baba akageukia ukutani.

"Na hili, mzee wangu?"

Baba aliendelea kuutazama ukuta. Yule mwanamke akalitundika tena, akafunga kabati taratibu.

"Lakini kazi haijaisha," nikamnong'oneza.

"Kwa leo imetosha, mwanangu."

Akaenda jikoni. Baba akamfuata, akamwonyesha mahali mama alipopenda kuweka vikombe.