Chombo cha Mtu Mmoja

Mwezi uliopita nilipita Nyamwaga kumsalimu Mama Nesi, jirani yetu wa zamani, na nimerudi na hasira ambayo nilidhani nimeshaizoea. Yeye mwenyewe hakunikosea kitu. Nilimpa shikamoo, akaniitikia akiwa ameshanishika mkono ananivuta ndani, akanichinjia kuku, akanisongea ugali wa ulezi, ule mwekundu ambao nikijaribu kuupika mwenyewe unanishinda. Tatizo ni maneno aliyoniambia tulipokwisha kunawa.

Wewe rafiki yangu uliyekulia mahali penye utulivu, ngoja nikueleze Kewanja yetu. Tulipanga chumba kwenye safu ya vyumba karibu na mgodi. Kila mchana king'ora kililia, watu tukanyamaza, kisha baruti zikalipuka na sufuria zikacheza kwenye kichanja. Asubuhi kulinukia moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, maana wenyeji hawakuacha mifugo yao eti kwa kuwa kuna dhahabu. Baba yangu alikuwa mtu wa kuja, Msukuma aliyefuata uchimbaji. Mama Nesi alikuwa mwenyeji, Mkurya, anafanya kazi zahanati, na chumba chake kilipakana na chetu. Mwanawe na mimi tulilingana umri. Tulikula sahani moja, tulichota maji pamoja, na tulipokosea tulichapwa pamoja.

Mjomba wa huyo mwenzangu, aliyesoma Mwanza, aliacha kompyuta kwa dada yake Mama Nesi, na ndani yake mlikuwa na gemu la kwenda angani. Halikuwa gemu la kupiga risasi. Unapewa karakana na vipuri, unajenga roketi yako mwenyewe, na kipuri cha kwanza kabisa ni kile chombo wanachokaa watu. Kilikuwa na umbo la chungu kilichofunikwa, kwa hiyo tukakiita chungu. Matenki na injini vyote unavifunga chini yake. Juu unaweka parachuti, na ukisahau parachuti umeua watu. Kulikuwa na chungu kidogo cha mtu mmoja na kikubwa cha watu watatu. Sisi siku zote tulichukua kikubwa. Wale watu wa ndani tuliwapa majina: mmoja mimi, mmoja yeye, na wa tatu mwalimu wetu wa hesabu, ili naye akione cha mtema kuni. Sura zao zilionekana pembeni mwa kioo. Roketi ilipotikisika waliachama kwa woga, nasi tukacheka mpaka Mama Nesi akatufukuza tukachunge kuku.

Yeye alishika kibodi, mimi nilimwambia lini awashe injini na lini azime. Tulilipua roketi nyingi mno. Halafu Jumamosi moja tukafika juu kweli, chungu kikawa kinaizunguka dunia bila kuanguka, na tulipokwisha kurukaruka tukagundua mafuta yamekwisha. Hakukuwa na ya kurudia. Tukakubaliana kujenga roketi nyingine ya kwenda kuwachukua wote watatu.

"Tukifunga shule," alisema, nami nikamwamini.

Shule zikafungwa Desemba, na ulikuwa mwaka wa tohara. Barabarani kulijaa filimbi na pembe, vijana wamejipaka rangi usoni, wanawake wanacheza mbele yao. Mwenzangu akapelekwa. Sisi watu wa kuja hayakutuhusu, na baba alinikataza hata kusogea barabarani. Nikasubiri apone. Nililala nikiipanga ile roketi kichwani, injini ngapi, matenki mangapi.

Siku alipotoka, amejifunga shuka jipya, alinikuta mlangoni kwao. Hakunipa mkono.

"Wewe bado ni mrisya," alisema. "Sikai na mrisya mimi. Watanicheka."

Mrisya ni mvulana ambaye hajatahiriwa, na kijana aliyekwisha kupita huko hakai naye benchi moja. Siku hizi watu hunieleza mila hiyo taratibu, kwa upole, wakidhani sikuielewa. Niliielewa vizuri sana. Niliichukia siku ile na ninaichukia leo.

Nikazunguka dirishani. Ndani walijaa vijana wa rika lake, na mjomba, aliyekuja kwa ajili ya sherehe, ndiye alikuwa kwenye kompyuta. Walikuwa wanajenga ile roketi ya kuwafuata watu wetu.

"Mjomba," niliita, "chukua chungu cha watu watatu."

Mjomba akamtazama mpwa wake.

"Weka kile kidogo," akasema mwenzangu.

"Na huyu wa dirishani je?"

"Kidogo kinatosha."

Nilisimama pale nimeshika nondo mpaka mwisho. Roketi ikapanda, ikakisogelea chungu chetu, yule mtu mwenye jina la mwenzangu akatoka nje, akaelea, akaingia kwenye kile cha mtu mmoja. Kikashuka kinawaka moto, parachuti likafunguka, wale vijana wakapiga makofi. Mimi nikaachwa huko juu na mwalimu wa hesabu. Cheka ukitaka. Mimi nililia, na nililia kwa hasira, na tangu siku hiyo mpaka baba alipotuhamisha sikuukanyaga mlango wao. Yeye naye hakuniita. Tulipishana kisimani bila kutazamana.

Sasa hayo yote hayapo. Watu walihama, na pale palipokuwa na safu yetu pana kilima cha mawe yaliyotoka mgodini. Ningekuwa mtu mwema ningesema hasira nayo imefukiwa humo.

Mama Nesi akanimiminia togwa, akatabasamu. "Mwenzako alihangaika na wewe sana, mwanangu," aliniambia. "Mjomba alipoondoka, kila jioni anajifungia na ile kompyuta, anataka kukushusha. Anatuma kile kikubwa. Mara kimepita mbali, mara kimeungua. Nilimkuta analia. Mpaka kompyuta ikafa, wewe bado uko hukohuko. Yuko Tarime sasa, ana watoto. Nikupe namba yake?"

Alitegemea nilainike. Nilimwambia hapana, Mama, nikamshukuru kwa chakula, nikaenda kutafuta gari la kunirudisha mjini.

Njia nzima nilikuwa nabishana na mwenzangu moyoni. Jioni zote hizo alikuwa ananirushia roketi, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi, mtu akikohoa huku anasikika kule. Angeniita tu.