Mgeni wa Mwalimu

Mwezi uliopita tulimzika mama kwao Makete, kule juu ambako watu hutembea na makoti hata mchana. Karibu na kaburi nikaliona lile ua. Lilikuwa limetapakaa njiani na kwenye matuta ya viazi, na waombolezaji walilikanyaga bila kutazama chini. Nilishindwa kuimba. Maisha yangu yote niliamini ni ua adimu.

Maana sisi, rafiki yangu, tuliishi nalo Mtwara. Mama alipangiwa kazi ya ualimu huko akiwa bado msichana, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Rahaleo. Kila alipoomba uhamisho arudi karibu na mama yake, aliambiwa asubiri. Likizo moja alirudi kutoka kwao na mche mdogo uliofungwa kwenye kitambaa kibichi pamoja na udongo wake mweusi. Maua yake hayakuzidi ukucha wa kidole changu cha mwisho. Yalikuwa ya zambarau. Hapana, si zambarau hasa. Ni rangi ya midomo ya mtoto aliyekaa mno kwenye maji. Nataka niiseme sawasawa, kwa sababu sina picha yake.

"Linaitwaje?" nilimuuliza.

"Kwetu hakuna anayeliuliza jina," alisema. "Hata mimi sikuwahi."

Aliyelipa jina ni jirani yetu, mama wa Kimakonde aliyehamia mjini kutoka kijiji cha korosho. Alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, akaiuza barazani kwake, na harufu yake ndiyo iliyotuamsha asubuhi. Alipouona mche unanyauka kwenye kopo, alicheka.

"Mwalimu, huyu mgeni wako ana homa."

Akamshika mama mkono hadi kwenye kona ya mtungi. Siku zile maji ya kunywa yalikaa kwenye mtungi wa udongo, juu ya mchanga. Mtungi ukitoka jasho, mchanga unabaki na ubaridi hata jua likichoma bati namna gani. Jirani alichimba kwa vidole, akaupanda mche pembeni, panapopata mwanga wa dirisha.

"Hapa ndipo Ulaya yetu," alisema.

Mche ukashika. Tangu hapo jina likawa Mgeni wa Mwalimu. Wanawake waliokuja kuomba chumvi walipitia kwanza kwenye mtungi.

"Mgeni kaamkaje?"

"Anakunywa tu maji ya watu," mama alijibu. "Na jembe hajapewa mpaka leo."

Mwezi wa saba, upepo wa kusi ulipoleta baridi na watu wa Mtwara wakaanza kujitanda khanga mbili, Mgeni alichanua. Mama alirudi kutoka shuleni, akaacha madaftari kitandani bila kuyasahihisha, akaketi sakafuni na bakuli la ming'oko. Siku hiyo alisimulia kwao: ukungu unaoingia hadi jikoni, viazi vinavyofukiwa kwenye majivu, mama yake akimwita kwa jina ambalo sisi hatukuwahi kulisikia. Sikumbuki kumsikia akizungumza kwa muda mrefu hivyo tena. Niliogopa nikikohoa ataacha.

Kisha bibi akaja kututembelea, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hakuweza kukaa bure nyumbani kwa mwanawe. Alfajiri ya pili tulimkuta ameshafagia nyumba nzima, na mchanga wa mtungi umesawazishwa vizuri, hauna kitu.

"Nimekung'olea gugu," alisema kwa furaha. "Ndilo lile lile linalotusumbua kwenye viazi. Limekufuata hadi huku?"

Nilifungua mdomo. Mama akanibana bega.

"Asante, mama," alisema. "Nilikuwa sina nafasi."

Akatoka uani akaanza kupuliza moto, akapuliza kwa muda mrefu, ingawa moto ulikuwa umeshawaka.

Baadaye jirani alikuja kumjulia hali Mgeni, kama kawaida. Akautazama mchanga, akamtazama bibi na ufagio wake. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi. Mwalimu alikuwa anakungoja sana."

Likizo nyingine zilikuja, lakini mama hakuleta mche tena. Uhamisho aliokuwa akiuomba ulitoka bibi akiwa ameshafariki, na mama akaukataa. Alistaafu Rahaleo. Mtungi ulipasuka, tukanunua friji. Jirani alizeeka, akahamia Magomeni kwa binti yake, na barazani kwake sasa kuna mtu anauza vocha.

Nilipompigia jirani simu kumpa taarifa ya msiba, alilia kwanza, kisha akauliza, "Mmemlaza wapi?"

"Kwao, Makete. Wajomba ndio walioamua."

Nikasikia watoto wakigombana nyuma yake.

"Mngemwacha kwetu, mwanangu. Huko nani anamjua?"

Nilimwambia kwamba watu walikuwa wengi, na ni kweli, walikuwa wengi. Sikumwambia kwamba wakati jeneza linashushwa, mwanamke mmoja nyuma yangu alimuuliza mwenzake marehemu ni nani, na mwenzake akajibu, "Sijui vizuri. Nasikia ni mwalimu mmoja wa Mtwara."