Nyamizi Aucheza Mwezi

Nyamizi, mama yake Klara, alikuwa na miaka arobaini na saba aliposhika kalamu kwa mara ya kwanza. Kijijini kwao, karibu na Songwa, alijulikana kwa kuimba: wakati wa kupalilia pamba yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, wenzake wakaupokea, jembe likawa jepesi. Mwaka 1973 darasa la watu wazima lilipofunguliwa, alijiandikisha wa kwanza. Mumewe, Mageni, alicheka tu.

"Mimi sifundishwi na kijana wa juzi," alisema, akaenda zake kwa ng'ombe.

Kijana huyo wa juzi ni Mwalimu Herman. Alasiri moja aliwasomea akina mama kitabu cha sayansi. Mwezi hauna mwanga wake, alisoma. Unang'aa kwa mwanga wa jua. Huizunguka Dunia kwa siku ishirini na saba na ushee, na katika siku hizohizo hujizungusha wenyewe mara moja tu. Ndiyo maana tunauona upande mmoja siku zote.

Nyamizi alinyoosha mkono. "Mwalimu, hapo sijakubali. Kitu kikijizungusha utakiona mbele na nyuma. Huo mwezi nimeutazama tangu utotoni, madoa ni yaleyale."

Herman alichora duara ubaoni, akafuta, akachora tena. Mwisho akaweka chaki chini. "Mama Klara, chuoni nilifundishwa hivyo, lakini kueleza kumenishinda."

"Basi tutoke nje tuucheze."

Wakatoka uwanjani. Nusu mwezi ilikuwa tayari imepanda, nyeupe, juu ya ghala la pamba. Nyamizi alimsimamisha shoga yake Mbuke katikati. "Wewe ndiye Dunia. Usiache kunitazama." Akaanza kumzunguka kwa mwendo wa ngoma, uso wake kwa Mbuke hatua zote, wenzake wakipiga makofi. Alipofika alipoanzia, alisimama, jasho likimtiririka.

"Nilianza naangalia ghala," alisema taratibu. "Kisha nikaangalia kisima. Kisha jua likanipiga machoni. Kisha shule. Sasa ni ghala tena. Kumbe nimejizungusha, na sikujua."

"Na mimi mgongo wako sijauona," alisema Mbuke.

Waliosimama pembeni walikuwa wameuona. Gauni lake lilikuwa na kiraka chekundu nyuma, kikubwa kama sahani, alichokificha tangu asubuhi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Nyamizi mwenyewe akacheka zaidi yao. Herman naye alisema kuwa ndivyo ilivyokuwa hata kwa mwezi: upande wa nyuma haukuonekana na mtu yeyote mpaka vyombo vya angani vilipouzunguka na kuupiga picha.

Sasa hakuna aliyetaka kurudi ndani. "Na sayari nyingine?" waliuliza. Zuhura haina mwezi, alisema Herman. Mirihi ina miwili midogo. Mshtarii, iliyo kubwa kuliko zote, kitabu chake kiliihesabia kumi na miwili.

Wakati huo Mageni alikuwa anakuja kumtafuta mkewe, kwa kuwa ndama alikuwa amepotea. Alikuwa mtu mnene, mwenye tumbo la heshima. Mbuke alimtazama, akawatazama wenzake.

"Shemeji, simama hapa kidogo. Tulikuwa tunakosa Mshtarii."

Kabla hajauliza, wanawake kumi na wawili walikuwa wanamzunguka, wengine karibu na upesi, wengine mbali na polepole, Nyamizi akiongoza wimbo alioutunga palepale. Mageni alijaribu kukunja uso. Ulimshinda. Akaanza kutikisa mabega.

Ndama alijirudia mwenyewe. Juma lililofuata Mageni aliketi dawati la nyuma, na alipoulizwa amefuata nini, alisema amekuja kujua majina ya ile miezi yake. Nyamizi alifaulu mtihani wa kisomo miaka miwili baadaye, na Herman alipohamishwa, kijiji kilimkabidhi yeye chaki.