Kitambaa kwenye Kiota cha Fundichuma

Nilipokuwa mtoto kule Moding, kitambaa cha kichwa cha nyanya yangu kilitoka ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa akiuvaa shingoni. Kilitokaje, sijajua mpaka leo.

Mimi ndiye niliyekiona. Jumamosi Mwalimu Nekesa alikuwa akitupeleka kinamasini kutazama ndege, wanafunzi tisa tukipokezana darubini moja. Sheria yake ilikuwa fupi: unachokiona, kiandike. Jumamosi moja nilitazama kiota cha fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Ni kiota kikubwa, mtoto angeweza kulala ndani. Juu ya paa lake la vijiti kilining'inia kitambaa cha buluu chenye maua meupe. Nikaandika chini ya "yangeyange wawili": kitambaa cha Tata. Ndivyo sisi Wateso tunavyomwita nyanya.

Emojong', mwenzangu wa darasani, alichungulia daftari langu akacheka. "Tata yako ameshaanikwa."

Hakuhitaji kueleza. Kwetu ilijulikana kwamba fundichuma akiiba nguo yako na kuijengea kiota, mwili wako unakauka polepole. Na anayevunja kiota chake huharibika ngozi. Tata alikuwa na wiki tatu hajatoka kitandani.

"Mwalimu, nifute?"

"Uliona ama hukuona?"

"Niliona."

"Basi acha. Maana yake bado hatujaiandika."

Nyumbani, baba mdogo Okisai alisikia habari hiyo akaanza kunoa panga. "Huo mti unaanguka leo," alisema. "Ngozi yangu wacha iharibike." Mama yake alikuwa anamfia mbele ya macho. Sikumlaumu wakati ule, wala sasa.

Tata akaomba kwanza apelekwe akaone mwenyewe. Okisai alimbeba kwa baiskeli, panga likiwa limefungwa chini ya kiti. Mwalimu, aliyekuwa bado kinamasini, akamshikia darubini machoni, mimi nikamshikilia mgongo. Fundichuma alikuja na chura mdomoni, akatua kando ya kitambaa, akageuka juani.

"Kumbe mgongoni ana zambarau," Tata alisema. "Miaka yote hii nimemwita ndege wa matope."

"Mama, nikate?"

Tata alitikisa kichwa. "Kinachodhuru ni kile alichoiba. Akipewa, haitakuwa wizi tena."

Tata aliishi miaka mingi baada ya hapo. Dawa za hospitali ya Alupe pia alizimeza, zote, na sijui shukrani zangu nizigawe vipi. Siku hizi mimi ndiye ninayewaleta wageni kinamasini Jumamosi, na mti bado una kiota. Wengine huniuliza kama naamini. Huwaeleza tu nilichoona, kisha nawapa darubini wasubiri ndege ageuke juani.

Basi siku ile iliamuliwa ndege apewe kitambaa, kwa sauti, mchana, mbele yetu sote, na Tata akamtuma yule yule aliyekuja kukata. Okisai aliliacha panga kwenye baiskeli, akaingia kwenye mafunjo maji yakimfika magotini, akasimama chini ya mti akavua kofia.

"Boss," akamwambia ndege, "hiyo kitambaa ni yako. Mama amekupa."