Mche wa sabuni na baiskeli ya mzee wangu

Wewe umeshaona mtu anaingia duka la baiskeli na mche wa sabuni mkononi? Basi ndiye miye!

Baiskeli ilikuwa ya marehemu mzee wangu, mume wangu. Alikuwa anaipanda toka hapa Diepsloot mpaka Midrand, kwenda kulinda geti. Ya zamani, ya Italia. Alipofariki ikakaa nyuma ya mlango, na ile ekseli ya pedeli imekufa. Mwanangu akasema, "Mama, nyumba ni ndogo. Jumamosi kama haitembei, napatia watu wa vyuma chakavu."

Nikamwambia, "Itatembea."

Fundi wa baiskeli wa mtaani akafungua ekseli na vile vikombe viwili vyenye meno ya skrubu vinavyoishika ndani ya fremu. Nikanunua ingine na vikombe vyake kwa macho tu, inafanana kabisa. Akazungusha kikombe kidogo kwenye fremu, kikakwama.

"Mama, niongeze nguvu?"

"Thubutu! Utaharibu meno ya fremu ya mzee. Toa!"

Sasa miye namba za vipimo sizijui. Lakini kwetu Uvira, mtu akitaka ufunguo wa pili, anaugandamiza kwenye sabuni, fundi anachonga. Nikachukua kikombe cha zamani, nikakiviringisha kwenye sabuni ya kufulia, meno yakajichora. Ekseli nikaikatia kijiti cha ufagio, urefu uleule. Nikamshika mjukuu wangu wa kike, twende mjini.

Duka la kwanza wakacheka mpaka wakashika meza. Mjukuu, anayeniita Koko, yaani bibi, ananivuta kanga: "Koko, eish! Watafikiri tumekuja kufua."

"Acha wafikiri." Nikamgeukia muuzaji: "Leta kikombe."

Ukikiweka, meno yanapanda juu ya michoro. Hapana. Duka la pili, vilevile: vikombe vyote vya kipimo cha Kiingereza, si cha Italia. Kule Braamfontein mzee mmoja mwenye duka akainamia boksi la vitu vya zamani, akanipa kimoja cheusi. Nikakiviringisha polepole. Kikakaa kwenye michoro kama mtoto mgongoni! Ekseli yake na kijiti, sawasawa. Nikapiga vigelegele palepale dukani, mjukuu akajificha nyuma ya matairi. Nikanunua na mwenzake, fundi akavifunga, vikaingia bila nguvu.

Jumamosi asubuhi mwanangu kasimama mlangoni, simu mkononi, tayari kuwaita watu wa vyuma. Mjukuu akapanda, akaenda mpaka spaza, kile kiduka cha mtaani, akarudi. Baiskeli hailii hata kidogo. Mwanangu akarudisha simu mfukoni, akasogeza gunia lake la viatu kutoka nyuma ya mlango, baiskeli ipate nafasi.

Mjukuu hakushuka. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Koko, mimi nitaenda na baiskeli mpaka Midrand, nione geti ya babu. Na hakuna mutu atauza yeye. Sharp, sawa?"