Upande wa Kushoto wa Baba

Nilimkwida baba koti kama mtu anayemkamata mwizi, nikamvuta kwa nguvu mpaka tukaanguka wote wawili juu ya majani makavu. Sikusema samahani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga hewa. Ukingo wa njia ulikatika pale pale, na huko chini kabisa niliona vilele vya miti na reli ikifuata mto.

"Umeingiwa na nini wewe?" aliniuliza, akijikung'uta suruali. "Unataka kuniua?"

Kulikuwa kweupe, jua limetoka, na njia ilikuwa pana ya kutosha watu wawili. Lile genge angeliona mtu yeyote.

Matembezi yale niliyapanga mimi. Nilikuwa nimeona video ya mtu huko Wales akivuka kilima kutoka mji mmoja wa bondeni hadi mwingine, ukungu umetanda, kondoo wanamkodolea macho, mpaka akaingia mkahawani na matope magotini. Nikaona wivu wa ajabu. Wales ni mbali, lakini ukitoka tunakoishi, Alexandria ya Marekani, ukapita vitongoji vya Maryland, ardhi huanza kuinuka, na huko nilipata miji miwili midogo ya reli, kila mmoja katika bonde lake, na kilima katikati. Kusoma ramani nilijifunza mwenyewe, kama ninavyojifunza kila kitu: kwa kutazama, kurudia, na kujichukia nikikosea. Ramani niliichapa mara mbili, iwapo ya kwanza italowa. Utabiri wa mvua niliuangalia mpaka mama akaninyang'anya simu.

Mama alikuwa na zamu hotelini, kwa hiyo tulikwenda wawili. Tuliliacha gari la baba, ndilo teksi yake ya kazi, kwenye mji wa pili, tukapanda teksi ya pale itupeleke mji wa kwanza. Baba alikaa siti ya nyuma akimsema dereva kwa Kiswahili safari nzima.

"Muone, hatazami kioo. Watu kama hawa ndio wanaotuharibia jina."

Njia ya kilimani ina alama za rangi nyeupe zilizopakwa kwenye miti, nyingine upande huu, nyingine upande ule. Kwetu Unguja mtoto hamtangulii baba yake njiani, na baba desturi hiyo ameibeba mpaka kwenye korido za jengo letu. Basi mwenye ramani nikawa nyuma, yeye mbele, na kazi niliyompa ilikuwa kutafuta alama.

"Baba, alama imepita."

"Imepita inakwenda wapi? Ina miguu?"

"Ile pale, kwenye mti."

"Sasa si useme mapema. Unatembea na makaratasi kama karani wa sensa, halafu umenyamaza."

Akaiona iliyofuata, akanionesha kwa madaha kama aliyeipaka yeye. Kisha akapita nyingine, na nyingine tena. Nilidhani ananifanyia mzaha, anaicheka safari yangu, na nakiri nilimkasirikia. Nilikuwa namtazama kisogo na kutunga moyoni maneno makali ambayo nisingethubutu kuyasema. Ndipo mguu wake ukaenda kwenye genge.

Tulibaki tumekaa pale tulipoanguka. Bila ya kutaka nikaanza kuzipanga upya zile alama kichwani. Alizoziona zote zilikuwa kulia.

Nikafungua mkoba, nikatoa sambusa, nikaisogeza kimya kimya upande wake wa kushoto, karibu kabisa na shavu lake. Aliendelea kuutazama mto.

"Na mimi nipe basi," akasema. "Au unakula peke yako?"

Sikuiondoa sambusa.

"Baba. Jicho la kushoto."

Akageuka, kichwa kizima, akaiona sambusa. Akaitazama muda mrefu kuliko inavyostahili sambusa.

"Linaona kidogo," akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Mwanga. Presha ya macho, daktari kasema. La kulia bado zima."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani ipi?"

Nikakumbuka kioo cha ubavu wa kushoto wa teksi, kilichovunjika mara mbili, na mara zote mbili alisema ni watu wasiojua kuegesha. Nilimwamini, hata nilimsaidia kuwatukana. Nikakumbuka kwamba mimi hukaa siti ya kulia kwake, maana huku dereva hukaa kushoto, ananitazama, tunacheka, na upande ule mwingine, yanakotoka magari yote yanayotujia usoni, kumbe kwake ulikuwa giza. Na abiria? Wazee anaowapeleka hospitali?

"Usimwambie mama yako," akasema.

"Na watu unaowabeba, nao nisiwaambie?"

"Nageuza kichwa. Nimeshazoea."

"Umezoea? Sasa hivi ulikuwa unakwenda chini!"

Sikuwahi kumpandishia baba sauti maishani mwangu. Ilirudi kutoka upande wa pili wa mto kama ya mtu mwingine.

"Wakijua watanichukulia leseni," akasema taratibu. "Halafu nifanye nini? Nikae nyumbani nimmenyee mama yako vitunguu?" Alicheka, akakuta anacheka peke yake.

Kushuka nilitangulia mimi. Alinishika begani, na kila penye jiwe nilisema "jiwe", na kila penye mzizi nilisema "mzizi". Mji wa pili, ambao nilikuwa nimeusoma mtaa kwa mtaa, siukumbuki. Nadhani kulikuwa na kanisa. Nakumbuka gari tu, na baba akiuelekea mlango wa dereva huku anatafuta mfukoni.

"Nipe ufunguo, baba."

"Wewe? Barabara kuu hujawahi kuingia."

Ni kweli. Leseni ninayo, lakini naogopa kuhama njia kwenye magari mengi, na jambo nisiloliweza sawasawa huliahirisha.

"Nipe, au nampigia mama hapa hapa. Na kesho teksi haitoki. Wala keshokutwa."

Alinitazama kwa hasira, kisha hasira ikamwishia, akabaki mtu mzima amesimama kwenye maegesho na jani kavu begani. Akaniwekea ufunguo kiganjani. Akazunguka gari, mkono ukipapasa boneti, akakaa siti ya abiria.

"Mama yako nitamwambia mwenyewe," akasema. "Usinitangulie na hilo."

Tulipoingia barabara kuu lori lilitupita, gari likayumba, nikaanza kulia. Nililia bila sauti, macho mbele. Baba alikuwa kuliani kwangu. Jicho lililokuwa upande wangu lilikuwa lile la kushoto.

"Unaona?" akasema, amejilaza kwenye siti. "Umetulia kabisa. Nilijua huna woga wewe."

Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni.

"Ndiyo, baba," nikasema. Nikawasha taa ya kuhama njia, nikageuza kichwa kutazama kushoto.