Zambarau ya Mama

Binti yangu amenunua kijisanduku kipya cha rangi za macho. Alipokifungua, harufu ya poda ilinirudisha kijijini Murusagamba, jikoni kwa mama, wakati wa vita.

Baba alikuwa amemletea mama rangi kama hizo kutoka ng'ambo ya mpaka, kazificha ndani ya gunia la maharage. Wiki hiyohiyo akaondoka na wanamgambo. Kwetu mke hakujipamba mumewe akiwa vitani, kwa hiyo mama alizijaribu kwenye kope zangu.

"Fumba macho, mwanangu. Usipepese."

Kidole chake kilinukia moshi na maganda ya ndizi. Alipaka kijani, akatikisa kichwa. Akapaka dhahabu, akacheka peke yake. Alipopaka zambarau aliniinua kidevu kuelekea mwangani.

"Hii ndiyo nitakayompokea nayo," alisema. Kisha akanipangusa kwa samli, maana sabuni haikupatikana.

Kijisanduku kile cha mama ninacho mpaka leo. Kwenye zambarau kuna alama moja tu ya kidole, ile ya siku ile.

"Mama, fumba macho nikupake," binti yangu aliniambia. "Unataka ipi?"

"Yoyote," nilimjibu, "ila zambarau iache."